Benki ikiyumba tuambiwe au tukaushiwe? Na hela ya serikali inaingiaje humo

Kikoba cha mama yangu, kikundi cha kuweka hisa na kukopeshana, kinakaa kila jumapili saa tisa mchana barazani kwa mwenyekiti wao pale Tandika. Wanachama 24, sanduku la chuma lina kufuli tatu na funguo zinashikwa na watu watatu tofauti, na kila wiki kabla mtu hajaweka hisa mpya katibu anasoma kwa sauti kilichobaki wiki iliyopita halafu kinahesabiwa mbele ya wote. Mi huwa namsaidia katibu kuandika daftari toka macho yameanza kumsumbua kwa iyo jumapili nyingi nipo pale, na kuna jambo lilitokea mwaka juzi ndo limenifanya niandike hii kitu.

Wanachama watatu walikwama marejesho. Mmoja alikuwa anauza samaki wa kukaanga akaugua, wengine wawili biashara ilikata tu. Mwezi wa kwanza mwenyekiti na katibu wakakubaliana mstari wa waliochelewa kwenye daftari usisomwe, wasitie watu presha, watalipa tu. Mwezi wa pili vilevile. Mi niliandika kwenye daftari ila sikusoma, na nasema ukweli nilijua kabisa. Mwezi wa tatu mama mmoja akaomba daftari aangalie hisa zake, akauona ule mstari, na jumapili iliyofuata watu 11 wamekuja wanataka hisa zao zote siku hiyohiyo. Sasa sandukuni hela hiyo haipo, maana kikoba hakiweki hela sandukuni ilale, hela iko nje kwenye mikopo, iko kwenye mitungi ya gesi na marobota ya mitumba na ada za watoto. Mwenyekiti akasema anayeharibu kikoba ni huyo aliyetangaza. Wale 11 wakasema aliyeharibu ni aliyenyamaza. Nikakaa pale na daftari langu naona pande zote mbili zina hoja, na sio hoja ndogo.

Benki ni kikoba hichohicho ila kina geti na mlinzi. Inachukua amana ambayo wewe unaweza kuifuata kesho asubuhi, inaikopesha kwa mtu atakayeirudisha baada ya miaka mitatu au kumi. Hakuna benki duniani, hata iliyo na afya namna gani, inayoweza kuwalipa wateja wake wote siku moja. Kwa iyo wanaosema habari za benki kuyumba zisitangazwe hovyo, mi siwaiti wezi wala watu wa kuficha maovu, wana mifano ya kweli kabisa.

Angalia Uingereza mwaka 2007. Benki ya Northern Rock iliishiwa ukwasi, yaani hela ya kulipa papo kwa papo, ikaenda kuomba msaada kwa benki kuu yao, habari ikavuja BBC jioni ya tarehe 13 Septemba, kesho yake asubuhi watu wamepanga foleni mtaani mpaka kwenye kona, na inakadiriwa paundi bilioni 1 ilitoka siku hiyo moja. Yaani msaada uliokuja kuiokoa benki ndo uliogeuka kuwa habari ya kuiangusha, na Februari 2008 serikali ikaichukua. Majirani zetu Kenya hapo, Chase Bank, Aprili 2016: hesabu zikatolewa upya na hazifanani na za mwanzo, mwenyekiti na mkurugenzi wakaachia ngazi, meseji zikaanza kuzunguka kwenye simu, na tarehe 7 Aprili benki imefungwa. Na hao ni wa foleni na meseji, sa hivi mtu anahamisha hela amelala kitandani. Silicon Valley Bank kule Marekani Machi 2023 wateja walivuta dola bilioni 42 kwa siku moja, kesho yake haipo.

Na hapa Dar tunajua uvumi unavyokwenda. Kuna mwaka ilizunguka sauti ya wasap, mtu hajitaji jina, anasema benki fulani imeishiwa wahi ukatoe chako. Shangazi yangu akapanda daladala kutoka Mbagala Rangi Tatu mpaka Kariakoo na kitabu chake mkononi, akasimama toka saa mbili asubuhi mpaka saa saba mchana, akatoa hela ya kujengea, akarudi nayo nyumbani kwenye mkoba. Benki ile haikuwa na shida yoyote na mpaka leo ipo. Ile hela ya shangazi ndo haikufika kwenye msingi wa nyumba, maana hela ikishakaa ndani kila ndugu mwenye shida anaijua, ikaisha kidogokidogo. Kwa iyo mtu akiniambia uvumi una gharama namwelewa, nimeiona gharama yenyewe kwa macho.

Lakini sasa turudi kwenye Chase Bank, maana hapo ndo hoja ya kunyamaza inapoanza kuvuja. Gavana wa benki kuu ya Kenya alilaumu habari za uongo za mitandaoni, na kweli zilikuwepo. Ila chini ya zile habari kulikuwa na mikopo mikubwa iliyotolewa kwa watu wa ndani ya benki yenyewe ambayo hesabu za kwanza hazikuionyesha sawasawa. Uvumi uliwasha kiberiti tu, petroli ilikuwa imeshamwagwa siku nyingi na waliokuwa wanajua walikuwa wachache. Mwenye amana ndogo siku zote ndo anajua mwisho. Mtu wa ndani anajua mwezi mmoja kabla, mteja mkubwa anapigiwa simu wiki moja kabla, we unajua ukifika mlangoni ukakuta karatasi imebandikwa. Hii ndo sababu inayoniuma zaidi kwenye usiri, kwamba ukisema tunaficha ili watu wasikimbie, kuna watu wanakimbia tayari, na wanakimbia na sehemu yako.

Hapa kwetu tumepitia haya kwa wingi kuliko watu wanavyokumbuka. Meridien BIAO mwaka 1995, Greenland 1999, hizo za zamani. Halafu ikaja ile miaka ya 2016 mpaka 2018 ambayo ilikuwa mizito kweli: Oktoba 2016 BoT, benki kuu yetu, ikachukua usimamizi wa Twiga Bancorp ambayo ilikuwa ya serikali yenyewe, Mei 2017 FBME ikafutiwa leseni, mwezi huohuo na Benki ya Wananchi Mbinga, Januari 4, 2018 zikafutwa tano kwa mpigo, Covenant, Efatha, Njombe, Kagera na Meru, na Agosti 2 mwaka huohuo Bank M ikawekwa chini ya usimamizi sababu ya ukwasi, wateja wakazuiwa kutoa hela, mwishowe mwanzoni mwa 2019 ikapelekwa benki ya Azania. FBME ndo inanishangaza mpaka leo, benki imesajiliwa hapa, biashara yake kubwa iko Cyprus, na habari ya kwamba ina matatizo ya utakatishaji fedha sisi tumeisikia kutoka Marekani Julai 2014 wizara yao ya fedha ilipoitangaza, ndo BoT ikaingia.

Sasa kwenye tangazo la ile Januari 2018 kuna kitu wengi hawakukizingatia, na kwangu ni ushahidi mzuri kuliko hoja zote za vitabuni. Siku ileile BoT ilipofuta tano, ilitaja kwa majina benki nyingine tatu ambazo mtaji haujatosha, Benki ya Wanawake, Benki ya Ushirika Kilimanjaro na Benki ya Wananchi Tandahimba, ikazipa miezi sita mpaka mwisho wa Juni zijipange. Fikiria hilo. Benki kuu inasema hadharani, benki hizi ni dhaifu na hizi hapa siku zake. Kwa hoja ya wanaotaka kunyamaza, zile tatu zilitakiwa zife ndani ya wiki. Hazikufa. Ile ya Wanawake ikaunganishwa na Benki ya Posta mwaka huohuo, ile ya Kilimanjaro ikapata nguvu mpya na ndo leo imegeuka Benki ya Ushirika iliyozinduliwa Dodoma Aprili 2025.

Najua nitakavyojibiwa, kwamba hizo zilikuwa benki ndogo, wateja wake ni watu wa ushirika na wakinamama wasio na pa kukimbilia haraka, na nyuma yake kulikuwa na serikali na mabenki makubwa, ukifanya hivyo kwa benki yenye mamilioni ya wateja nchi inasimama. Hoja hiyo naikubali nusu. Kilichozisaidia hakikuwa udogo peke yake. Tangazo lilikuja na tarehe na masharti, mtu alijua mpaka Juni kitaeleweka. Northern Rock habari ilivuja jioni haina mpango wowote ulioambatana nayo, na ile sauti ya wasap iliyompandisha shangazi daladala nayo haikuwa na mpango. Mi nadhani watu hawakimbii ukweli, wanakimbia ukweli usio na hatua ya pili.

Ila nisije nikaonekana nasema kila kitu kitangazwe kila saa. Benki ikienda kukopa BoT ya siku mbili tatu kuziba pengo, kutangaza jina lake jioni hiyohiyo ni ukatili kwa wenye amana wenyewe. Marekani baada ya msukosuko wa 2008 walitunga sheria mwaka 2010 ambayo mi naiona ina akili: benki iliyokopa kwa dharura kwenye benki kuu jina lake na kiasi vinatangazwa, lakini baada ya miaka miwili hivi. Yaani siri ipo, ila ina tarehe ya kuisha. Anayesaini leo anajua kabisa baada ya miaka miwili watu watasoma alimpa nani na kwa dhamana gani, na hiyo peke yake inamfanya aandike vizuri. Hapo ndo ninaposimama kwenye suala la mabenki. BoT ikiomba siku 90 za ukimya ili iokoe amana za watu nitaipa hizo siku 90 bila kelele, ila na mimi nina langu la kudai, benki ikishafungwa au kuunganishwa mwaka fulani uje tuwekewe hesabu nzima mezani, mikopo mikubwa iliyoiua walipewa watu gani, na mkaguzi aliyesaini hesabu zake kuwa safi alikuwa nani.

Sasa kwenye hela ya serikali hapo sikubali hata hizo siku 90. Na wengi wanaviweka pamoja hivi vitu viwili, wanachukua hoja ya benki, kwamba usitangaze watu watakimbia, wanaipeleka hazina. Serikali haina wateja wanaopanga foleni kutoa hela, mlipa kodi hawezi kukimbia na kodi yake, kwa iyo ile sababu ya kuficha haipo kabisa.

Kuna hoja ya upande wa pili na niiseme kwa haki yake. Mtu wa hazina atakwambia serikali nayo inakopa sokoni, inauza hatifungani, ikitangaza kila udhaifu wake riba inapanda na mwisho anayelipa ni yuleyule mwananchi. Atakwambia pia takwimu mbichi zinapotoshwa, mtu anachomoa mstari mmoja kwenye ripoti ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, anafanya skrinshoti, anaandika trilioni zimeibiwa kumbe ni tofauti ya namna ya kuhesabu. Na hilo linatokea kweli, lile la shilingi trilioni 1.5 ambazo matumizi yake hayakuonekana kwenye ripoti ya mwaka 2016/17 tulibishana nchi nzima, serikali ikaja bungeni na maelezo yake ya kihasibu, na nina hakika katika kila watu kumi waliobishana kijiweni hakuna aliyesoma ile sura yenyewe. Namba za serikali ni ngumu, hili sipingi.

Ila angalia tulipochukua njia ya kubana tumevuna nini. Mwaka 2017 tukajitoa kwenye ule mpango wa kimataifa wa serikali kuendesha mambo kwa uwazi ambao tuliingia 2011. 2018 sheria ya takwimu ikabadilishwa mtu asitoe takwimu zinazopingana na za serikali, ikabidi ilegezwe 2019. Mwaka huohuo wa 2019 shirika la fedha la kimataifa, IMF, likasema wazi kwamba serikali haijaridhia ripoti ya uchumi wetu ichapishwe, na ripoti ikavuja, na baada ya kuvuja kila mtu akaisoma kwa kiu kuliko ambavyo angeisoma ingewekwa tu kwenye tovuti kama za miaka mingine. Kilichofichwa kinasomwa kwa macho ya wasiwasi, hata pale ambapo hakina kitu kibaya.

Na kuna mfano wa jirani ambao nikiufikiria napata baridi. Msumbiji, 2013 na 2014, kampuni tatu za serikali zikakopa kama dola bilioni 2 kwa dhamana ya serikali, sehemu kubwa kwa siri, bunge halijui, IMF haijui, mojawapo ilikuwa ya uvuvi wa jodari. Ikajulikana 2016. Wahisani wakasimamisha misaada, sarafu yao ya metikali ikaporomoka, serikali ikashindwa kulipa madeni, na sasa tazama kilichofuata, Septemba mwaka huohuo benki kuu yao ikalazimika kuichukua Moza Banco, Novemba ikaifunga Nosso Banco. Sisemi benki hizo ziliuawa na deni la siri peke yake, zilikuwa na matatizo yake ya ndani, ila uchumi ulioshikwa koo na deni ambalo hakuna aliyeliona ndo uliozikuta zikiwa dhaifu. Siri ya hazina ilitembea mpaka kwenye kaunta ya benki. Waliokuwa wanasema tusitangaze ili soko lisishtuke, soko lilishtuka mara kumi.

Hapa ndo nafika kwenye jambo ambalo naona halisemwi vya kutosha tunapozungumzia mabenki yetu kuyumba ile 2016 mpaka 2018. Tunasema walikopesha vibaya, walipeana mikopo kishkaji, na ni kweli kwa sehemu. Lakini serikali ndo mteja mkubwa kuliko wote, na serikali ilibadilisha mwenendo wake ghafla. Ilipoamua 2016 fedha za mashirika ya umma zitoke kwenye mabenki ya biashara zihamie BoT, mi niliunga mkono na bado naunga mkono, maana kabla ya hapo ilikuwa shirika la umma linaweka hela benki kama amana ya muda maalumu, benki inachukua hela hiyohiyo inaikopesha serikali kwa kununua dhamana za serikali, na serikali inalipa riba kwa hela yake yenyewe. Ule mchezo ulistahili kufa. Ila benki iliyozoea kulala na zile amana ikaamka haina kitu, na wenye duka na wakandarasi wakakosa pa kukopa. Jambo zuri likafanywa bila watu kuambiwa mapema litawagusa vipi.

Na upande mwingine kuna malimbikizo. Hili nalijua kwa ngozi yangu. Nauza vifaa vya umeme Gerezani, na kuna kipindi nilimpelekea mkandarasi nyaya na bodi na swichi za jengo la ofisi moja ya umma, ofisi yenyewe siitaji. Kazi ikaisha, ikakaguliwa, ikapokelewa kwa maandishi. Hela haikuja miezi 14. Mkandarasi hajalipwa hawezi kunilipa mimi, na mimi nilichukua ule mzigo kwa mkopo wa benki, mwezi wa nne nikaanza kuchelewesha rejesho, mwezi wa saba afisa mikopo akaja dukani, kijana mstaarabu tu, akanikuta nakunywa chai, akakaa kwenye boksi la taa akaniambia kaka mkopo wako kuanzia mwezi huu tumeshauingiza kwenye chechefu, yaani mikopo isiyolipwa kwa wakati. Nikamwonyesha hati ya kupokelewa kazi yenye muhuri. Akaisoma yote mpaka chini, akanirudishia, akasema kaka naielewa ila mfumo hauna sehemu ya kuandika kwamba anayedaiwa ni serikali.

Hiyo sentensi nimeibeba toka siku hiyo. Mikopo chechefu kwenye mabenki yetu ilivuka asilimia 10 kipindi kile wakati BoT inataka isizidi 5, na imechukua miaka kurudi chini ya hapo. Kila mtu aliisoma namba ile kama tabia ya wakopaji. Ndani yake kulikuwa na watu kama mimi, na juu yetu kulikuwa na ankara zilizolala ofisi za umma. Benki inalazimishwa na sheria kila robo mwaka itangaze hesabu zake gazetini, ule ukurasa wa namba ndogondogo, mtaji, amana, mikopo chechefu, vyote vipo pale na benki isipotangaza inaadhibiwa. Sawa kabisa. Ila deni la serikali kwa wakandarasi na wazabuni sisi wa mtaani tunalipata kwenye ripoti ya CAG, inayohusu mwaka ulioisha Juni na inasomwa bungeni Aprili ya mwaka unaofuata, miezi tisa kumi imeshapita, aliyefilisika kashafilisika. Kwa nini benki ya Kariakoo itangaze uchafu wake mara nne kwa mwaka na wizara yenye deni lililouzaa uchafu huo isitangaze kwa kasi hiyohiyo, kila robo mwaka, fungu kwa fungu la bajeti, nani anadaiwa kiasi gani na toka lini? Hakuna mteja atakayekimbia kwa kusoma hilo. Atakayepata presha ni mwenye fungu, na ndo anayetakiwa aipate.

Wanaoogopa uwazi wa namna hii nawakumbusha EPA, ile akaunti ya madeni ya nje. Ilikuwa ndani ya benki kuu yenyewe, zaidi ya shilingi bilioni 133 zililipwa kwa kampuni 22 mwaka 2005/06, na Januari 2008 ukaguzi ulipotangazwa gavana akaondolewa. Sidhani kama kuna habari mbaya zaidi ya hiyo kuihusu benki kuu ya nchi yoyote. Watu hawakukimbilia mabenki kutoa amana zao siku ile, walikasirika wakataka majina. Escrow 2014 vilevile, mamia ya mabilioni yametoka kwenye akaunti iliyokuwa BoT ikishikilia hela ya umeme yenye mgogoro, kamati ya bunge ya hesabu za serikali, PAC, ikaisoma ripoti yake bungeni usiku na mchana, mwanasheria mkuu akajiuzulu, mawaziri wakaondoka, na wauza duka wa Kariakoo asubuhi walifungua kama kawaida. Mwananchi wa nchi hii ana kifua kipana kuliko wakubwa wanavyomdhania. Kinachomtoa kwenye uvumilivu ni kuja kujua baadaye kwamba wenzake walijua.

Nirudi Tandika nimalizie. Ile jumapili ya watu 11 mwenyekiti alitaka kufunga kikao. Mama yangu akamwambia, mwenyekiti soma yote, mpaka ya kwetu sisi viongozi. Nikasoma mimi. Nilisoma majina yote ya wenye mikopo, kiasi, tarehe, na wale watatu wakiwa wamekaa palepale, mmoja analia. Halafu wakakubaliana hakuna kutoa hisa kwa wiki nne, wenye dharura wapewe kutoka mfuko wa jamii, wale watatu wapangiwe rejesho dogo la kila wiki na muuza samaki asamehewe faini. Wawili walijitoa kikoba kilipovunjwa mwisho wa mwaka, pale watu wanapogawana hela kabla ya kuanza upya. Tisa wapo mpaka leo, na ule mstari wa waliochelewa sa hivi unasomwa wa kwanza.

Mwezi uliopita mzigo ulifika milioni 11 wakataka kuutoa sandukuni waupeleke benki, wakaniuliza mimi benki gani. Nikawaelezea habari ya Bodi ya Bima ya Amana, kwamba zamani benki ikifa ulikuwa unalipwa na bima mwisho milioni 1.5 na sasa ni milioni 7.5 kwa mteja mmoja kwa benki moja, kinachozidi hapo unasubiri mali za benki ziuzwe na hujui utapata kiasi gani. Kati ya wale 24 hakuna hata mmoja aliyekuwa amewahi kuisikia hiyo namba, na kuna mama ana akaunti benki toka enzi NBC haijagawanywa 1997. Namba hiyo ilitakiwa iwe imebandikwa kwa maandishi makubwa kwenye kila kaunta na kwa kila wakala, iandikwe kwa Kiswahili cha kueleweka. Tukahesabu kikundi kama mteja mmoja, kura ikapigwa, milioni 6 zikaenda benki moja na milioni 5 nyingine, mama na katibu wakaenda jumatatu kufungua akaunti, na zile karatasi za gazeti za robo mwaka za benki zote mbili nimezikata nimezigundisha nyuma ya daftari.